Kibuyu cha Mama Kwenye Pipa la Uwanja wa Ndege

Nilipindua trei. Ndiyo, mimi. Trei ya plastiki iliyokuwa na viatu vya mwanangu, sweta lake na chupa yake tupu ya maji, niliipindua juu ya meza ya ukaguzi mbele ya abiria wote, na sauti iliyonitoka sikuijua kama ni yangu. Mpaka hapo nilikuwa nimevumilia. Nilimvumilia kijana wa ukaguzi alipokiinamisha kibuyu cha mama yangu na kukigonga kitako, hadi unga mweusi ukadondokea kwenye glavu yake nyeupe. "Mama, hii ni dawa?" Nikamwambia siyo dawa, ni kibuyu cha maziwa. "Maziwa yako wapi?" Hamna, ni kitupu. "Sasa kibuyu kitupu unakipeleka Ulaya kufanya nini?" Nyuma yangu kwenye foleni bwana mmoja aliyevaa suti akaniuliza tunatokea wapi, nami kwa heshima za kijinga nikamjibu, tunatokea Mbulu, shikamoo. "Ahaa, Mbulu! Si ndio waganga wa kuleta mvua hao? Kijana, kiangalie vizuri, tusije tukanyeshewa humo humo ndani ya ndege." Watu wakacheka. Yule kijana naye akacheka, na nadhani ni kicheko hicho kilichomponza, maana ukishachekesha watu unataka kumalizia. Akasema unga usiojulikana hauruhusiwi, akakitupa kibuyu pipani. Nilikisikia kikigonga chupa za maji huko chini.

Wakati wote huo Tekla, mwanangu, alikuwa amesimama mwisho wa ile meza, mikono imenyooshwa, viganja juu. Alikuwa na miaka saba. Aliona kibuyu chake kimepita kwenye mashine, akajua kinachoingia upande huu hutokea upande ule, basi anangoja apewe. Kilipoanguka hakupiga kelele. Alianza kuguna kwa chini, kama mashine ya kusaga ikiwashwa mbali, kisha akajing'ata mkono, kisha akalala sakafuni na kuanza kugonga kisogo. "Mama, mnyanyue mtoto, anazuia watu," akasema yule kijana. Akaja mama mmoja mtu mzima, naye amevaa sare, nikajua huyu ataelewa, huyu ni mzazi. Akainama akamwangalia. Akasema, "Mwanangu, huyu mtoto tangu afike hapa hajamsalimia hata mtu mmoja. Umemleaje? Mzabe kofi moja tu, atatulia."

Ndipo trei ikapinduka. "Ana usonji!" nilisema. "Usonji! Hakuzaliwa kuja kuwasalimia nyinyi! Nipeni kibuyu cha mama yangu!" Nikaingiza mkono pipani mpaka begani, vidole vikagusa kamba yake ya ngozi, na hapo hapo askari akanivuta kwa nyuma, sweta likapasuka kwapani. Sweta nililolifuma mwenyewe. Tulikalishwa kwenye chumba kisicho na dirisha, Tekla nimemlalia kwa uzito wangu wote ili atulie, mpaka mtu akaja kutuambia kama tunapanda tupande, na nikipaza sauti tena hatupandi. Sikupaza. Nilipanda nikiwa kimya kama mwizi, na kimya hicho ndicho ninachokijutia mpaka leo kuliko kelele.

Nayaandika haya kwa sababu mama amerudi. Tumempokea mwezi uliopita, upande ule wa mizigo wa uwanja ule ule, ndani ya sanduku zuri lenye vishikio vya shaba, na dada yangu Emiliana nyuma yake na koti jeusi. Wakaguzi wenyewe walisimama, wakavua kofia. Nilisimama nikizitazama zile kofia mikononi mwao. Tukamleta Mbulu, tukamzika juu kwenye shamba la wazee wake, kwenye baridi aliyoipenda, na mvua ilinyesha kweli, wala sikumwambia mtu kwa nini nilicheka kaburini.

Nirudi nyuma, kwenye nyumba ya mama kule Jorodom, Katesh, kabla ya maporomoko ya tope. Mimi na Tekla tulikaa chumba cha nyuma, na mimi nilikuwa na mashine yangu ya kufuma masweta ya shule. Baba yake Tekla yuko Basotu kwenye matrekta ya ngano, na habari zake siyo za hapa. Nyumba ile ilikuwa na jiko la nje, na humo ndimo Tekla alimokulia. Daktari aliyetuambia neno usonji alituambia tukiwa tumeshachelewa, mtoto ana miaka minne, na mimi nilikuwa nimeshampeleka kuombewa mpaka goti limeota sugu. Mama hakuwahi kumwombea atoke kitu chochote. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda, akakipakata kibuyu cha maziwa, akakitikisa, huku na huku, huku na huku, mpaka siagi ishike. Na Tekla, ambaye ukimgusa kichwa anajikunja kama umemchoma, alikuwa anakuja mwenyewe, anageuka, anaegemeza mgongo wake kwenye mgongo wa bibi yake. Wanakaa hivyo. Mtikisiko unapita kwa bibi unamwingia mtoto. Nilikuwa naingia na ndoo nawakuta, nasimama mlangoni nisiwaharibie.

Kibuyu chenyewe kilikuwa na harufu. Kwetu kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa sabuni. Unachukua kijiti cha mzeituni pori, unakiunguza mpaka ncha iwe kaa jekundu, unakiingiza ndani na kusugua, na yale makaa yanabaki yamepaka ukuta wa ndani, meusi, ya moshi mtamu. Maziwa yanakaa siku nyingi bila kuharibika, na yananukia. Mama alinukia hivyo hivyo. Kanga, nywele, mpaka viganja. Majirani walikuwa wananiambia, "Mama Tekla, mtoto wako hatuangalii usoni, anatunusa tu kama mbuzi." Nacheka nao. Ningewaambia nini? Ilikuwa kweli. Mtu kwake hakuwa uso.

Basi tope likashuka kutoka mlimani. Wengine wameshasimulia hayo, na wana makaburi mengi kuliko mimi. Sisi tulitoka hai kwa sababu Tekla alikuwa ameamka mapema anataka kibuyu, na mama alikuwa amemchukua kwenda naye kwa jirani wa upande wa barabarani kutafuta maziwa, nami nikawafuata nikigomba. Nyumba ilikwenda. Vijana waliokuwa wanachimba walikipata kibuyu kimejaa tope, kina ufa mdogo shingoni, wakamletea mama, naye akakikumbatia kwa namna ambayo hakunikumbatia mimi. Akakiziba ufa kwa nta. Kitu pekee cha nyumba ile.

Emiliana alikuja kutoka Denmark, alikoolewa, akatukuta tumejibanza kwa ndugu. Hakuwa na ubaya. Alisema mama ana presha, figo hazieleweki, akapumzike kidogo kule kwenye hospitali za maana. "Kidogo tu, mdogo wangu. Akipata nafuu anarudi." Mama hakutaka. Alikaa na chai mpaka ikaota ngozi, akasema, "Na huyu?" akimwonyesha Tekla kwa kidevu. Nikamwambia mama nenda, nitamudu. Akaenda, akatuachia kibuyu, kwa ajili ya Tekla. Mimi nikahamia Mbulu mjini, nikapanga chumba karibu na soko, mashine nikakopeshwa nyingine, na nikagundua kwamba simudu.

Mtoto aliacha kula ugali. Akaacha yale maneno machache aliyokuwa nayo, "maji" na "huku" na jina la mbwa. Tukipiga simu ya video mama anamwita, "Tekla! Tekla wa bibi!" na Tekla anaichukua simu, anainusa, anaiweka chini. Mara nyingi sana alifanya hivyo. Mama kule upande wa pili akabaki anaangalia dari ya chumba chetu. Siku moja akasema, "Mleteni. Emi atakata tiketi. Mimi kurudi sijui kama nitarudi, damu yangu wanaisafisha kwa mashine siku hizi. Lakini sikia, Mama Tekla. Uje na kibuyu. Hatanijua kwa sura, mimi nimekonda na huku wananiogesha sabuni ya maua. Kisugue upya kwa moto kabla hujaondoka, moshi uwe mbichi. Akikinusa, akinisikia nakitikisa, atakuja mwenyewe."

Nikakisugua. Siku ya kuondoka, alfajiri, nilipata mzeituni pori kutoka kwa mzee mmoja wa sokoni, nikauwasha, nikasugua mpaka mkono ukauma. Nikasugua zaidi ya kawaida, nikitaka moshi ufike Ulaya. Makaa yakawa mengi ndani. Nilikiangalia nikafurahi, nikasema hiki kitanukia mpaka kwa wazungu wa jirani. Hakuna aliyeniambia, na nani angeniambia? Nani Mbulu hii anawaza kwamba usafi wa kibuyu huko nje ni unga mweusi usiojulikana? Kuna dereva aliyetusindikiza mpaka uwanjani, Sulle, kijana wa kwetu, ambaye alikataa kuondoka mpaka nimtumie ujumbe kwamba tumepanda. Alikuwa nje, amekaa kwenye boneti anakula mihogo. Baadaye sana ndipo mfanyakazi mmoja wa uwanja alinieleza kwamba mtu akikatazwa kitu ana haki ya kukitoa nje, akampe aliyemsindikiza. Ningempa Sulle. Kingerudi Mbulu. Mtoto angerudi akakikuta. Hawakusema. Walicheka tu.

Nyumba ya Emiliana ilikuwa ghorofa ya tatu, ina joto la kutoka ukutani, na haina harufu yoyote. Ndiyo kitu cha kwanza nilichokiona, kama harufu inaonekana: hapana vitunguu, hapana moshi, hapana watu. Mama alikuwa kwenye kiti kando ya dirisha, amevikwa gauni la rangi ya maziwa. Alikuwa amejiandaa. Alinyoosha mikono viganja juu. Tekla akaingia, akampita, akaenda kugusa lile bomba la joto la ukutani, akaweka shavu lake pale, akabaki pale. Nilimsalimia mama, shikamoo mama, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Macho yake yalikuwa kwenye begi langu. "Kiko wapi?" Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Akarudisha mikono mapajani, moja baada ya nyingine. "Walikitupa na kamba yake?" akauliza. Na kamba yake, mama.

Hatukukaa bure, wala msifikirie tulikaa bure. Shemeji Henrik, mume wa Emi, mzungu mrefu mpole anayejua Kiswahili cha kubahatisha, kila asubuhi alimwinamia Tekla na kumwambia, "Shikamoo!" Mama akawa anacheka, "Henrik, wewe ndiye unayesalimiwa, siyo yeye!" "Lakini yeye ni bosi," anajibu Henrik. Yule ndiye mtu mzima pekee aliyewahi kumpa mwanangu shikamoo, na hakukosea sana. Mama akamtuma akatafute mzeituni pori. Akarudi na mfuko wa mkaa wa kuchomea nyama. Tukauwasha kwenye baraza, mama amefungwa blanketi anatoa amri, na kabla hata haujashika jirani wa juu akaanza kugonga kwa fimbo ya ufagio, na king'ora cha moshi cha ndani kikalia, na Tekla akakimbilia bafuni akajifunika taulo kichwani. Siku nyingine mama akaomba chupa ya plastiki, akajaza maziwa ya dukani, akaanza kuitikisa, huku na huku, huku na huku, na ile mishipa yake ya mkono iliyovimba kwa sindano. Tekla aligeuza kichwa. Nakwambia aligeuza. Akasikiliza kidogo, halafu akarudi kwenye bomba lake. Plastiki haina sauti ile. Mama akaendelea kutikisa muda mrefu baada ya hapo, mpaka Emi akamnyang'anya chupa taratibu.

Jikoni Emi alinilaumu kwa sauti ya chini, tukikata karoti. "Ungekiweka kwenye begi kubwa." Mtoto angeshika nini njiani, Emi? "Basi ungewaeleza vizuri, wewe una hasira." Niliwaeleza vizuri. "Hata hivyo ni kibuyu tu, mdogo wangu." Hapo niliweka kisu chini. Mama alikuwa chumba cha pili na ukuta wa Ulaya ni mwembamba kuliko wa udongo. Alikuwa amesikia. Akaita kutoka huko, "Emiliana! Siyo kibuyu tu. Wewe ulikunywea humo."

Siku ya kuondoka mama alitaka tumwache Tekla asimame popote anapotaka. Alisimama mlangoni pa chumba, nusu ndani nusu nje, anapapasa fremu ya mlango. Mama alimwangalia kama mtu anayeangalia shamba lake kutoka barabarani. Nilianza kulia, nikasema mama nisamehe, mtoto amekukataa. Akanikatiza kwa ukali ambao sikuutegemea kwa mtu mgonjwa vile. "Nani kakwambia? Hajanikataa. Hajanipata. Usije ukachanganya hivyo vitu viwili mbele yake hata siku moja." Hayo ndiyo maneno ya mwisho ambayo aliniambia nikiwa naweza kumshika mkono. Baadaye ilikuwa simu, na simu Tekla anainusa na kuiweka chini.

Sasa msibani. Nilikuwa nimeinama nje ya jiko nikiosha masufuria, ndani wanawake wanamenya viazi. Nikasikia mmoja, binamu yetu, anasema, "Kale katoto kako wapi?" "Kapo nyuma ya zizi." "Ndio kale kalikopelekwa Ulaya kakamkataa bibi yake mpaka akafa na kinyongo?" "Hako hako. Bibi wa watu alikuwa ananyoosha mikono, katoto kanampita kama nguzo." "Mmh. Moyo wa jiwe." Na mwingine, mdogo, akauliza, "Sasa si mgonjwa?" Wakamjibu, "Mgonjwa wa kichwa anamjua bibi yake, bwana. Hata mbwa anajua." Kisha wakahamia kwenye bei ya nyanya.

Nilibaki na sufuria mkononi. Nilitaka kuingia nipindue kitu. Mikono yangu ilishajua njia. Lakini Tekla alikuwa nyuma ya zizi kweli, nikaenda huko kwanza. Alikuwa ameegemeza mgongo wake kwenye ubavu wa ng'ombe aliyelala, ng'ombe anacheua, na mtikisiko wa kucheua ule unamwingia mtoto. Amefumba macho. Miaka miwili na zaidi, jamani, anatafuta ule mgongo, na huko ndani wanamwita jiwe. Nikajua kwamba nikiingia jikoni nitasema nitakavyosema, na kesho itasemwa Mama Tekla ana hasira, na neno lao litabaki. Tekla hawezi kulijibu. Hatalijibu maisha yake yote. Ataishi hapa, kati ya watu hawa, na jina hilo, nikiwepo na nisipokuwepo.

Wiki iliyofuata nilipanda basi mpaka uwanjani. Nilikuwa nimeandika malalamiko kwa mkono, kwa mwandiko wangu wa kidato cha nne, na nikayarudia mpaka yakawa safi. Dada wa mapokezi aliniambia malalamiko ya zamani hivyo hayapokelewi. Nikavuta kiti nikakaa. Akaniambia nitasubiri sana. Nikamwambia nimefuma masweta ya shule nzima, najua kusubiri. Mchana akachukua karatasi, akaisoma akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena, akagonga muhuri wa kupokelewa, na akanipa nakala. Hii hapa, kama nilivyoiandika.

"YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUTUPWA KWA KIBUYU CHA MAZIWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mama wa mtoto Tekla, mwenye usonji, abiria niliyepindua trei hapo kwenu miaka miwili iliyopita. Kwa trei naomba radhi. Hii siyo barua ya radhi.

Wakaguzi wenu walichukua kibuyu kitupu mbele ya mtoto wangu na kukitupa. Unga mweusi uliokuwemo ni makaa ya mzeituni pori, ndivyo tunavyosafisha chombo cha maziwa. Niliulizwa kama ni dawa na nikajibu kweli. Sikuambiwa kwamba ninaweza kukitoa nje kwa mtu aliyenisindikiza, ambaye alikuwa hapo mlangoni. Badala yake tulichekwa kwa ajili ya tunakotoka, na mfanyakazi wenu akaniagiza nimpige mtoto kwa sababu hakusalimia.

Sidai fidia, na kibuyu najua hakipo. Nadai majibu ya maandishi, yenye muhuri, yanayosema kilichotupwa kilikuwa nini na kilikuwa cha nani. Majibu hayo nitayasoma kwa sauti jikoni kwetu, kwa sababu huko kwetu inasemwa kwamba mtoto huyu alimkataa bibi yake. Bibi yake amefariki. Mtoto alikuwa anamjua kwa harufu na kwa mtikisiko wa kibuyu, na hivyo vyote vilibaki kwenye pipa lenu.

Andikeni kwamba hakukataa. Mlikuwepo. Alisimama mwisho wa meza yenu, mikono imenyooshwa, viganja juu, anangoja kupewa, na mlimwona."